Zahanati Niliyoiombea Kabla ya Kuuliza

Kosa langu la kwanza nikiwa diwani nililifanya nimefumba macho na nimeinua mikono. Ilikuwa kwenye mkutano wa kijiji cha Lipembe, wiki chache baada ya kuapishwa, na ajenda ilikuwa moja tu: zahanati ijengwe upande gani wa mto. Badala ya kuwauliza wananchi, niliomba. Niliomba vizuri, kwa sauti yangu ya Jumapili. Nikamshukuru Mungu kwa kiwanja alichotuandalia kando ya barabara, nikaibariki mikono itakayochimba msingi wake, na mkutano mzima ukaitikia amina. Nikafumbua macho, nikatangaza kwamba tumekubaliana.

Nawaandikia ninyi wachungaji vijana mnaonipigia simu kuuliza kama mchukue fomu za kugombea. Mimi nimetoka kwenye udiwani nikiwa na miaka thelathini na sita. Mke wangu ananiita mstaafu, na jirani yetu, mwalimu aliyestaafu kwa umri halali, anasema nimemruka kwenye foleni. Mengi mnayoniuliza ni kuhusu posho. Hilo sitalieleza hapa. Nitaeleza kazi yenyewe, kwa mpangilio, kadiri ninavyoweza. Mjue tu kwamba aya hii nimeifuta na kuiandika upya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ndivyo nilivyo, na hilo pia ni sehemu ya habari yenyewe.

Nilizaliwa Lituhi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, mtoto wa mvuvi na mwanika usipa, wale dagaa wa ziwa letu. Ujanani nilikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, nikaokoka Mbagala, katika kanisa lililopanga ukumbi uliopakana ukuta kwa ukuta na karakana ya kuchomelea mageti. Tulihubiri huku cheche zikiruka dirishani. Chuo cha Biblia sikusoma. Nilijifunza kwa redio na kwa vitabu vya mitumba, nikiiga wahubiri neno kwa neno. Mahubiri yangu ya kwanza kabisa yalikuwa na kikohozi cha mtu mwingine: mhubiri wa redioni alikohoa katikati ya mfano wa mpanzi, nami nikadhani ni sehemu ya mahubiri, nikakohoa palepale. Waumini walidhani nina kifua.

Mtu anayejifundisha mwenyewe hubaki na hofu ya kugunduliwa. Mimi kila nikisimama mbele za watu nilisubiri mtu aliyesoma anyanyuke na kuniuliza cheti. Kwa hiyo nilijiandaa kupita kiasi. Mahubiri niliyakariri mpaka mahali pa kunyamaza, na mashati nilipiga pasi mwenyewe kwa sababu sikumwamini mtu na kola. Nilipotumwa Mbinga kuanzisha kanisa nilifika na hofu hiyohiyo, nikaongezewa na baridi. Tulipanga ghala la zamani la kahawa. Hata leo mtu akikaanga kahawa karibu nami, nusura niseme tusimame tuombe.

Siasa iliniingia kwa njia ya misiba. Kata yetu iko pembeni ya mji, nusu mitaa yenye fremu za maduka na nusu vijiji vya kahawa na mahindi. Ukihubiri vizuri kwenye msiba mmoja wa Mmatengo, mwenyeji wa huku, unaalikwa kwenye mingine yote ya ukoo, na ukoo ni mpana. Diwani wa zamani alipotangaza kwamba hagombei tena, waendesha bodaboda wa stendi ndogo na wazee wa mitaa miwili walikuja nyumbani wakasema, "Mchungaji, unaongea vizuri. Nenda katuongelee." Nikamuuliza mwangalizi wa makanisa yetu, mtu wa maneno machache. Akaniambia, "Nenda. Lakini mimbari usiigeuze jukwaa." Hilo nililitii kikamilifu. Nilichofanya mimi ni kuligeuza jukwaa kuwa mimbari, na juu ya hilo hakuwa amenionya.

Siku yangu ya kwanza kwenye ofisi ya kata niliharibu kwa salamu. Nilikuwa nimezikariri zote: Wakatoliki, ambao ndio wengi, "Tumsifu Yesu Kristo", walokole wenzangu, "Bwana asifiwe", Waislamu wa madukani, "Asalaam aleikum", wanachama, salamu ya chama. Kisha nikachanganya. Mwenye duka la vitambaa nilimwambia amsifu Yesu Kristo, na bibi Mkatoliki wa watu, rozari shingoni, nikamtolea salamu ya chama, akaniuliza kama kura bado hazijaisha.

Aliyeniokoa ni Mama Hyera, afisa mtendaji wa kata, mama mwenye jozi mbili za gambuti chini ya meza yake ya ofisi, moja ya matope na moja ya wageni. Aliniita pembeni. "Mheshimiwa Mchungaji," akasema, kwa kuwa aliamua tangu siku hiyo kuniita vyeo vyote viwili, "shikamoo inatosha. Haijawahi kukosea dini."

Mengi niliyojifunza kazini yalitoka kwake. Alinifundisha kununua gambuti kabla ya suti, na kukaa kwenye benchi badala ya kiti cha plastiki ninachotengewa, kwa sababu kwenye benchi watu huja kukaa karibu yako na kukwambia mambo. Kanuni za kudumu za halmashauri nilizisoma mwenyewe usiku na mchana mpaka nikaweza kuzinukuu kwa namba, kama aya. Mama Hyera akanisikiliza, akasema, "Umekariri vizuri. Sasa jifunze kunyamaza, hiyo haina namba."

Sasa nirudi Lipembe. Kijiji hiki kina vitongoji viwili, Barabarani na Ng'ambo, na kati yao unapita mto ambao kiangazi mtu anauruka na masika unachukua daraja la miti. Wananchi walikuwa wameshachoma tofali za zahanati kabla sijachaguliwa, kule Ng'ambo kwenye udongo mzuri. Tanuri lilikuwa limefunikwa nyasi, linasubiri. Halmashauri ilikuwa imetuahidi mabati na fundi wa kupaua, kwa sharti moja: wananchi wajenge boma kwa nguvukazi yao, lifike kwenye renta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, kabla ya mwaka wa fedha kuisha. Lisipofika, mabati yanakwenda kata nyingine, nasi tunarudi mwisho wa foleni. Watu wa Lipembe walikuwa wamekaa kwenye foleni hiyo muda mrefu. Wagonjwa wa Barabarani hupanda bodaboda kwenda hospitali, Mbinga mjini au Litembo. Wagonjwa wa Ng'ambo hubebwa kwa machela mpaka mtoni, halafu mto ndio unaamua.

Hayo yote niliyajua. Lakini kiwanja cha Barabarani kilikuwa tambarare, gari la dawa lingefika mlangoni, na nusu ya waumini wangu wa kijiji hicho walikaa upande huo. Moyoni nilishaamua. Siku ya mkutano niliona nyuso, nikaogopa mabishano. Sikuwahi kuongoza mabishano. Kanisani kwetu hayakuwepo. Nikasema, kabla hatujaendelea tuombe. Yaliyofuata nimeshayaeleza.

Tulipokuwa tunarudi, Mama Hyera akaniuliza, "Kwenye muhtasari niandike nani alitoa hoja?"

"Andika wote."

"Na nani aliunga mkono?"

"Wote. Si umesikia walivyoitikia?"

"Nimesikia," akasema. "Waliiunga mkono sala."

Nilidhani anatania kama kawaida yake.

Msingi tulichimba haraka. Shemasi Mbunda, muumini wangu wa Barabarani na fundi mwashi anayejulikana, alipiga kamba, watu wakachimba udongo kwa nyimbo. Kwa Ng'ambo sikuona mtu. Nikasema ni mvua. Wiki iliyofuata hakukuwa na mvua, nao hawakuwepo. Tofali zilibaki kwenye tanuri, ng'ambo ya maji. Nikapeleka ujumbe, ukarudi na salamu njema. Nikahubiri juu ya Nehemia na ukuta wa Yerusalemu. Watu wa Ng'ambo waliokuwepo kanisani waliitikia kwa vichwa, wakakubali kabisa, wakaenda nyumbani kupalilia.

Katikati ya hayo nilipata kesi ya ndugu wawili waliogombania mashimo ya ngolo, yale matuta ya Wamatengo yenye mashimo kama sega la nyuki kwenye miteremko. Niliwapatanisha kwa maandiko. Walilia, wakakumbatiana, nami nikarudi nyumbani mwepesi kama mtu aliyetoka kuoga. Asubuhi walikuwa ofisini tena, wameshika majembe vibaya. Mama Hyera akaenda nao shambani na vigingi vya miti, wakapima pamoja na majirani, yakaisha.

"Lakini walilia kweli," nikamwambia.

"Walilia kweli, Mheshimiwa Mchungaji. Ila mpaka ulikuwa bado haujapimwa."

Nilipotaka serikali ya kijiji iwatoze faini watu wa Ng'ambo kwa kukosa nguvukazi, Mama Hyera alivua miwani. "Utawatoza kwa kukataa kitu ambacho hukuwauliza?" Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Siku chache baadaye nikavaa gambuti nikavuka mto.

Nilikwenda kwa Mzee Ndunguru, katekista wa kigango cha Wakatoliki cha Ng'ambo. Nilimkuta anapaka mafuta mashine yake ya mkono ya kumenyea kahawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umekula?"

"Nimeshiba, mzee, asante. Nimekuja kwa jambo moja tu."

"Basi litusubiri. Sisi hatujala."

Hapo nikaona majirani wanaingia mmoja mmoja, wakinawa mikono. Kikaja chakula cha watu wote: ugali mkubwa, maharage, majani ya maboga. Nikakaa pembeni nikiangalia saa. Wakala bila haraka, wakizungumzia bei ya mbolea na nguruwe wa mtu fulani. Mmoja wao akanigeukia.

"Mchungaji, umefunga?"

"Hapana, kaka."

"Sasa mbona unatutazama kama askari wa zamu?"

Wakacheka. "Huyu ni wa ziwani," mwingine akasema, "anatafuta usipa ndani ya maharage." Nikaona aibu, nikanawa, nikakaa nao. Mzee Ndunguru akanisogezea bakuli. Aliniambia kwamba zamani Wamatengo walikuwa na sengu: wanaume wa ukoo wanakula pamoja, na mambo ya ukoo yanaamuliwa hapohapo. "Siku hizi kila mtu na meza yake," akasema. "Lakini sisi wazee bado jambo letu linaanza watu wakiwa wanatafuna. Mdomo wenye ugali haupigi kelele. Nawe sema sasa."

Nikauliza nilichokuja kuuliza. "Mzee, kama hamkutaka zahanati Barabarani, siku ile mbona hamkusema?"

"Tungesema saa ngapi?"

"Mkutanoni."

"Mkutanoni ulikuwa unaongea na Mungu. Mtu akiwa anaongea na mkubwa wake, wewe unaingilia?"

"Na amina mliyoitikia?"

"Tuliitikia. Tuna adabu." Akamega tonge. "Mimi nimesalisha watu tangu hujazaliwa. Nimeombea mvua, nimeombea wagonjwa, nimeombea hata timu ya mpira ya kijiji, na haikusaidika. Lakini sijawahi kumwelekeza Mungu mahali pa kuweka jengo mbele ya watu wanaolibishania. Ungetaka tufanye nini? Tumpinge Mungu, au tukupinge wewe ndani ya sala yako?"

Yule aliyenitania akaongeza, "Na kofia tulikuwa tumevua. Mtu aliyevua kofia hawezi kugombana."

Hapo nilielewa kwamba nilichokiona mkutanoni kama umoja kilikuwa ni watu wazima waliozibwa midomo kwa heshima yao wenyewe, na aliyewaziba ni mimi. Na ninyi mnaonisoma mjue, katika nchi yetu hakuna atakayewaonya. Mheshimiwa akivuruga, watu wanaguna. Mchungaji akivuruga, wanaitikia.

Ningependa kuandika kwamba nilirudi nikatengeneza mara moja. Sikufanya hivyo. Msingi wa Barabarani ulikuwa umeshachimbwa. Kuitisha mkutano upya kulikuwa ni kuwaambia waumini wangu kwamba jasho lao lilimwagika kwa kosa langu, na kuwaambia wote kwamba mchungaji wao alitumia jina la Mungu kukwepa mabishano. Niliona siku yangu ya kugunduliwa imefika. Nikavuta siku. Masika yakawa yanaelekea ukingoni, kahawa ikianza kukomaa, na kila mtu wa huku anajua kwamba mavuno ya kahawa yakianza huwezi kupata mtu wa kubeba tofali. Nikaanza kujiambia kwamba pengine boma halitawezekana mwaka huu, na jambo lisilowezekana halina wa kulaumiwa.

Katika hali hiyo nikateremka Lituhi kumwona mama. Nilimkuta kwenye vichanja, anageuza usipa juani. Nikasaidia kugeuza huku nikimweleza, nikitegemea anihurumie. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaanza kucheka, akashika kiuno.

"Kumbe hujaacha!"

"Kuacha nini, mama?"

"Ulipokuwa mdogo, chakula kikiletwa, wewe ndiye ulikuwa wa kwanza kusema nisalishe mimi. Baba yako akafurahi, akasema huyu atakuwa kasisi. Mimi nilikuwa nafumbua jicho moja. Wenzako wamefumba macho, wewe unaomba, na mkono wako tayari uko kwenye samaki mkubwa, mbelele."

"Mama!"

"Na ukisema amina unamshukuru Mungu kwa kukupa yule samaki. Nani atakunyang'anya?" Akafuta machozi ya kicheko kwa kanga. Kisha akaacha kucheka. "Baba, wale wa ng'ambo huko wana wanawake?"

"Wapo."

"Wanazaa?"

"Wanazaa, mama."

"Haya. Geuza upande ule, wanaungua."

Kesho yake nilipanda mlima kurudi, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Hyera nikamwambia nataka mkutano.

"Utawaambia nini?"

"Ukweli."

"Watakucheka."

"Najua."

"Watacheka, halafu watapiga kura. Kucheka hakuchukui muda mrefu."

Kabla ya mkutano nilimfuata Shemasi Mbunda. Nilitaka asikie kwangu kwanza. Alinisikiliza amesimama, mwiko mkononi, na sijawahi kuulizwa swali gumu kama alilouliza. "Mchungaji, niambie. Mungu alibadili mawazo lini?"

"Mungu hakuwa amesema, shemasi. Nilisema mimi."

"Kwa hiyo ule msingi nilichimba kwa neno lako."

"Ndiyo."

Akatazama mwiko. "Neno la Mungu lisingekuwa na mawe mengi vile," akasema, akaingia ndani. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Nilikuwa nimeandika hotuba nzuri ya kuungama, yenye utangulizi na mifano. Niliposimama nikaiona kuwa sala nyingine, ila imevaa nguo za kiraia, nikaiacha mfukoni. Nikasema kwa kifupi kwamba mara iliyopita niliamua mwenyewe na kuiweka amri yangu ndani ya maombi ili asipatikane wa kupinga, kwamba nawaomba radhi, hasa waliochimba, na kwamba leo swali linarudi kwao. Walicheka kidogo, kama alivyosema Mama Hyera. Bibi mmoja akasema kwa sauti, "Siku ile hata goti lilikuwa linauma, nikashindwa kukaa kwa kuwa sala haijaisha."

Nikamwomba Mzee Ndunguru afungue kwa sala. Akavua kofia. "Mungu, tupo hapa. Tusikilizane. Amina." Akavaa kofia.

Wakabishana. Nilikaa kwenye benchi, nikisikia mambo ambayo ningepaswa kuyasikia tangu mwanzo. Wa Barabarani walisema gari la dawa, umeme uko karibu, kiwanja ni tambarare. Wa Ng'ambo walisema mto. Wa Barabarani wakasema tujenge daraja badala yake. Wa Ng'ambo wakasema daraja limeahidiwa tangu babu zao wana meno. Mara mbili niliinuka kutuliza, na mara mbili Mama Hyera akanivuta shati.

Kisha akasimama mke wa Shemasi Mbunda, Mama Tekla, mwimbaji wa kwaya yetu, ambaye sikuwahi kumsikia akisema lolote nje ya wimbo.

"Mimi nimezaliwa Ng'ambo, nikaolewa Barabarani," akasema. "Watoto wangu wote nimewazaa hospitali. Nikipata uchungu, huyu mume wangu anaita bodaboda, nafika. Mdogo wangu yuko kule. Alipopata uchungu walimbeba kwa machela, wakafika mtoni, maji yamejaa. Wakakaa kusubiri maji yapungue. Mtoto hakusubiri. Alizaliwa kwenye majani, mvua inanyesha, watu wameshika kanga kama paa. Mungu alisaidia. Huyo mtoto yupo, yuko darasa la pili, anatuibia mapera. Lakini wapo wengine ambao hawakusaidika, na mama zao mko nao hapa, sitawataja. Mnasema gari la dawa. Gari la dawa lina siku zake. Mtoto anakuja siku anayotaka yeye."

Akakaa. Hakukuwa na amina. Nilimwona Shemasi Mbunda ameinamisha kichwa.

Tukapiga kura kwa kusimama: wanaotaka Barabarani upande wa mlingoti wa bendera, wanaotaka Ng'ambo upande wa goli. Watu wakaanza kutembea. Mama Tekla akaelekea golini. Shemasi, ambaye alikuwa ameshafika mlingotini, akamwita, "Mama Tekla! Na mimi leo nitakula wapi?"

"Golini, baba Tekla, wenzako wote wanakuja!"

Uwanja mzima ukacheka, na nadhani kicheko kile kiliwavusha wengine. Shemasi mwenyewe hakuvuka. Ila upande wa goli ulijaa mpaka hapakuwa na haja ya kuhesabu.

Sasa tulikuwa na uamuzi wa kweli na muda umebaki mdogo. Hofu yangu ilikuwa kwamba watu wa Barabarani, walioshindwa, watafanya kama walivyofanya wenzao: watabaki nyumbani kwa adabu. Siku ya kwanza ya nguvukazi walikuja wachache. Mzee Ndunguru aliangalia, hakulalamika. Siku iliyofuata akina mama wa Ng'ambo waliweka masufuria palepale kwenye eneo la ujenzi, wakapika ugali na maharage kwa ajili ya kila atakayefika, na mzee akatuma watu wapite Barabarani nyumba kwa nyumba wakisema chakula kipo. Hawakutaja kazi. Wakaja kula. Mtu aliyekula kwa mwenzake hawezi kufuta mdomo akaondoka huku tofali ziko pale. Na wakati wa kutafuna, wale waliokuwa na la kusema kuhusu mkutano walilisema.

Kuta zilipofika usawa wa madirisha, Shemasi Mbunda alitokea na timazi yake. Akazunguka jengo lote, akafumba jicho moja.

"Nimekuja tu kuangalia kama kona zenu zimesimama," akasema.

"Zimesimama?" Mzee Ndunguru akauliza.

"Hii imelewa."

Akavua koti. Kona ile aliibomoa na kuijenga upya, kisha akabaki mpaka renta. Zege la renta tulilimwaga siku ambazo kahawa ilikuwa tayari nyekundu mitini, watu wakichuma asubuhi na kubeba kokoto jioni. Mwaka wa fedha ulikuwa haujaisha. Mhandisi wa halmashauri alikuja, akagonga ukuta, akaandika. Mabati yakafuata, yakavushwa mtoni kwa mabega.

Mengine ya udiwani wangu yalikuwa ya kawaida: makalavati, madawati, vikao virefu. Kipindi kilipoisha nilichukua fomu tena, na kwenye kura za maoni za chama wajumbe wakanikataa. Wa Barabarani walikuwa wengi kati yao. Sikulala siku kadhaa, nikipitia kila neno nililowahi kusema, kama kawaida yangu. Shemasi Mbunda, naye mjumbe, alikuja kunipa pole, akala, kisha akaniambia wazi, "Mchungaji, renta nilikupa. Kura sikukupa."

"Kwa nini, shemasi?"

"Msingi wangu. Bado unaniuma." Akaomba chai zaidi. Hatujawahi kugombana tangu siku hiyo.

Kwa hiyo mkiniuliza kama mchukue fomu, siwezi kuwajibu ndiyo wala hapana. Nawaomba tu, kabla hamjachukua, mjiulize ni lini mara ya mwisho mtu aliwapinga usoni mkiwa mmeshika Biblia. Kama hamkumbuki, anzeni na hilo.

Zahanati ya Lipembe inafanya kazi, na muuguzi anaishi hukohuko Ng'ambo. Masika haya yaliyopita hakuna mwanamke wa Ng'ambo aliyevushwa mto akiwa na uchungu. Siku hizi wa Barabarani ndio wanaovuka kufuata dawa, nao wanamsumbua diwani mpya kuhusu daraja. Mimi nimerudi kanisani. Mwezi uliopita nilileta pendekezo kwenye kikao cha wazee wa kanisa kwamba ibada ya Jumapili ianze saa mbili. Wakalijadili, wakalikataa. Tunaanza saa tatu.